Kupunguza Mkengeuko Mkubwa Kabisa kwa Programu ya Mstari

Vipimo vikizidi vigeu, mfumo wa milinganyo Ax = b kwa kawaida hauna jibu linaloridhisha kila mlinganyo. Jibu lolote litakalochaguliwa huacha mikengeuko, yaani tofauti kati ya b na Ax, na hapo huzuka suala la namna ya kuipima. Njia iliyozoeleka hujumlisha miraba ya mikengeuko. Nomu ya upeo haijumlishi: hutazama thamani kamili ya kila mkengeuko na kushika ule mkubwa kuliko yote. Chebyshev, mwanahisabati wa Urusi, alilikabili tatizo la aina hii katika andiko la 1854 kuhusu viungo vya injini za mvuke vilivyobuniwa na James Watt. Ncha iliyotakiwa kwenda wima ilipinda kidogo, na katika mashine ya namna hiyo wastani wa kupinda haumsaidii mtu. Kinachovunja chuma ni upindo mkubwa kabisa.

Ugumu wake ni kwamba thamani kamili ina kona, na upeo wa thamani hizo una kona zaidi. Jibu kwa kawaida hukaa konani, mahali ambapo kutafuta mteremko sifuri hakufai kitu. Kona hizo huondolewa kwa kuongeza kigeu kimoja, t, kinachosimama kama dari ya mikengeuko yote:

punguza t, kwa masharti kwamba, kwa kila i,
bᵢ − aᵢx ≤ t
aᵢx − bᵢ ≤ t

Hapa aᵢ ni safu ya i ya matriksi A, na bᵢ ni kipimo cha i katika b. Lengo na masharti yote ni ya mstari, na tatizo la namna hii huitwa programu ya mstari. Hakuna kilichopotea katika ugeuzaji huu. Kwa x yoyote, t ndogo kabisa inayokubaliwa na masharti ni mkengeuko mkubwa wenyewe, kwa hiyo kupunguza t ni kuupunguza huo. Sharti la t kutokuwa hasi halihitajiki kuandikwa, kwa sababu masharti mawili ya safu moja yakijumlishwa hutoa 0 ≤ 2t. Vipimo m na vigeu n huzaa masharti 2m na vigeu n + 1, mzigo mwepesi kwa njia ya simpleksi aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947.

Chukua nukta (0, 1), (1, 2), (2, 4) na (3, 4), zitafutiwe mstari y = c + kx. Programu ina vigeu vitatu, c, k na t, na masharti manane. Jibu lake ni c = 1.5, k = 1 na t = 0.5: nukta ya tatu iko juu ya mstari kwa 0.5, na tatu nyingine ziko chini kwa kiasi hichohicho. Njia ya miraba hutoa y = 1.1 + 1.1x, ambao mkengeuko wake mkubwa ni 0.7.

Je, yawezekana kushuka chini ya 0.5? Tuseme mikengeuko ya nukta tatu za mwisho ni r₂, r₃ na r₄. Katika r₂ − 2r₃ + r₄, c na k hufutika, na kinachobaki ni 2 − 8 + 4 = −2, hata mstari uwe upi. Lakini kama kila mkengeuko hauzidi t, thamani kamili ya jumla hiyo haiwezi kupita 4t. Basi t ≥ 0.5. Vizidishi 1, −2 na 1 havikuokotwa: hutoka katika programu pacha, yaani programu ya pili inayotafuta mpaka wa chini wa jibu, ambayo kila programu ya mstari huwa nayo, na ndiyo inayotoa hati kwamba jibu ni bora. Hili ndilo tunda kubwa la ugeuzaji huu, kuliko hata wepesi wa kukokotoa.

Nomu ya upeo hufaa pale kosa lina kikomo kinachojulikana, mfano katika polinomia ambazo kompyuta huzitumia kukadiria sine. Haifai kwa data yenye kipimo kilichoandikwa vibaya, maana nukta moja potofu huuvuta mstari mzima.

Katika utekelezaji, baadhi ya programu za kompyuta zinazotatua matatizo haya huchukulia kila kigeu kuwa si hasi mpaka zielezwe vinginevyo. Kwa c na k lazima ruhusa ya kuwa hasi itolewe. La sivyo jibu laweza kuharibika bila onyo lolote. Tena, ujanja wa t hauna kinyume chake: tatizo likitaka mkengeuko mkubwa uongezwe, dari haina kinachoizuia kupanda, na programu ya mstari hukosa kikomo.