Mzigo wa Livingstone na Darasa la WhatsApp



Mgeni akija Ujiji tunampeleka kwenye miembe, tunamwonyesha pale mwanahabari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, anapiga picha, anaondoka. Kisa tusichomsimulia ni cha mzigo. Oktoba mwaka huohuo, kabla Stanley hajatokea, Livingstone alirudi hapa kutoka Manyema, mgonjwa na hoi, akijua kuna shuka na shanga alizotumiwa kutoka pwani zinamsubiri. Akakuta patupu. Sherifu, aliyekabidhiwa mali ile, alikuwa ameshaiuza yote. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba mtu huyo alidai amepiga ramli, ikaonyesha mwenye mali amekufa.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya ubishi wa vijana wetu wanaofundisha programu huria. Kwa asiyezijua, hizo ni programu ambazo unaruhusiwa kuzifungua, kuona zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Wala si mambo ya mbali: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Sasa, matangazo ya madarasa yao wanayaweka wapi? WhatsApp na Facebook, mali ya kampuni moja ya Marekani, na ndani huruhusiwi kuchungulia. Mmoja wao amegoma. Anasema huko ni kukemea pombe huku umeshika chupa. Anaye mkubwa wa kumtegemea: Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, Facebook hataki hata kuisikia.

Namheshimu kijana huyu, ila watu wako wapi? Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi. Bei ya dagaa imeshafika soko la Mwanga kwa WhatsApp kabla boti halijafungwa kamba. Kuna Mastodon, ndiyo, mtandao huria ulioanza mwaka 2016, ambao hata shule ikiwa na fundi wake inaweza kuuendesha kwenye mtambo wake. Lakini tangaza darasa huko leo, utajifundisha mwenyewe.

Kwa hiyo waende WhatsApp na Facebook. Ila mzigo wasiuache kwa Sherifu. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Mei 2025, mtandao wa X ukafungwa hapa nchini. Mara zote mbili hakuna aliyetupigia hata ramli. Masomo yakae kwenye tovuti yao na kwenye flashi, namba za wanafunzi ziandikwe kwenye daftari, la karatasi kabisa. Facebook iwe ubao wa kubandika tangazo, basi.

Hapo nilidhani nimemaliza, mpaka yule mgomaji aliponiuliza swali: "Mzee, na asiye na WhatsApp?" Kila darasa likihamia humo, mmoja zaidi analazimika kujiunga, na aliyekataa anakosa somo. Anayefundisha uhuru anageuka kuwa mpiga debe wa basi asilolipenda. Hili sikuwa na jibu lake la haraka, na bado sina jibu zima. Ninachoweza kuwadai vijana ni kwamba tangazo lolote linalopita WhatsApp lipite pia kwa meseji ya kawaida, na libandikwe shuleni na sokoni. Ni kazi mara mbili, najua. Na bando la meseji nalo linalipiwa.

Nanyi msikilizao mtanikamata, maana maoni ya kipindi hiki mnayatuma WhatsApp. Kweli. Kuanzia kesho tunasoma na meseji za kawaida, namba ni ileile. Barua ya mkononi mwachieni mlinzi getini. Nimemwambia asimpe mtu mwingine.