Agizo la Mwalimu Darasani
Hapa Kaliua, mahali reli iendayo Kigoma inapotoa tawi la Mpanda, watoto wengi huingia darasa la kwanza wakitoka katika nyumba zinazosema Kinyamwezi au Kisukuma, na Kiswahili cha shuleni bado ni kigeni masikioni mwao. Basi mwalimu anapoamuru kwa mfululizo, “Toeni madaftari, someni ubaoni, kaeni vikundi,” wengine hubaki wakitazamana, nao huhesabiwa wakaidi, jambo ambalo kwa hakika ni dhuluma.

Afadhali angoje utulivu, atoe agizo moja tu, “Wanne wanne, geukianeni,” alionyeshe kwa mikono, kisha amtake mtoto mmoja, wala si yule hodari daima, alirudie kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa lugha ya nyumbani, ndipo kazi ianze.