Tujue Uzito wa Lori Letu
(Mazungumzo na madereva na wapakiaji, Ukunda)

 

Hapa Ukunda twayaona magari ya kila aina: tuktuk, matatu, pikapu, lori la mchanga, na trela la kwenda Lunga Lunga. Sisi twayajua kwa sura. Sheria huyapanga malori kwa ekseli na uzito.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 yasema ekseli ya usukani isizidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, tani 10. Basi lori la ekseli mbili ni tani 18, gari na mzigo pamoja. Trela la ekseli saba halizidi tani 56.

Hesabu yake ni rahisi. Herufi T.W. ubavuni ni uzito wa gari likiwa tupu. Likiwa tani 6, mzigo usizidi 12. Na kama mtengenezaji ameweka kiwango cha chini zaidi, fuateni hicho.

Kwa nini tujali? Majaribio ya Marekani ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, barabara huumia kama mara 16. Mashimo hayo ndiyo yanamrusharusha mama mja mzito akikimbizwa hospitali ya Msambweni.

Tajiri akisema "ongeza kidogo," kumbukeni breki haziongezwi. Aliyeshika usukani ni wewe, na wenzako wameketi juu ya mzigo. Kataeni kwa adabu, tena kataeni pamoja. Mmoja peke yake atafukuzwa.

Mungu awalinde.