Mpakate Mtoto Anapochanjwa
Hotuba fupi ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi waliofika kliniki



Wapo miongoni mwetu wanaochelewa kurudi kliniki kwa sababu hawavumilii kilio cha mtoto. Lakini sindano ya wiki 6 pekee haitoshi. Sharti mtoto arudi akiwa na wiki 10, kisha 14, ili apate kinga dhidi ya kifaduro, pepopunda, nimonia na polio. Surua hufuata akiwa na miezi 9, na tena miezi 18.

Uchungu huo tunaweza kuupunguza bila dawa. Usimlaze mtoto kitandani. Mpakate, umkumbatie kifuani, paja lake likiwa wazi kwa muuguzi. Mnyonyeshe kabla kidogo, na aendelee kunyonya anapodungwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hayo mwaka 2015. Kama sindano ni zaidi ya moja, mwombe muuguzi ile inayouma zaidi iwe ya mwisho.

Kina baba, nanyi mna mikono. Mama asipokuwepo, mkumbatie mtoto, umsemeshe kwa sauti ya upole.

Na nyumbani tuache kuwatisha watoto kwamba daktari atawadunga wakikosa adabu. Woga huo huja nao hadi kliniki.

Chanjo hizi ni bure katika vituo vya umma. Leo kabla hujaondoka, fungua kijitabu cha mtoto, uangalie tarehe ya kurudi.