Trakoma Imeondoka, Upele Je?

Tangazo la Shirika la Afya Duniani mmekwisha kulisikia: Julai 2025 Burundi ilithibitishwa kuwa imeondoa trakoma, ugonjwa wa macho, kama tatizo la afya ya jamii, ugonjwa wa kwanza kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika kuondolewa nchini. Pongezi zimetolewa kwa wakubwa, na ni haki yao. Walioigawa dawa mlima kwa mlima wanastahili zaidi.

Redio hii ina swali moja tu. Macho yameangaliwa, ngozi itaangaliwa lini?

Mwezi Mei mwaka huo huo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulioketi Geneva ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele. Lakini kutoka Geneva hadi foleni ya kituo cha afya, iwe Gitega au Muyinga, ni mbali. Mtoto aliyejikuna usiku kucha anaambiwa neno lile lile nyumbani, shuleni na hata mbele ya mwenye kushika dawa: acha kujikuna. Kuwashwa kunahesabiwa kuwa utundu, au uchafu. Mpox ilipotangazwa nchini Julai 2024, kila kipele kilitazamwa kwa hofu. Leo hofu imepungua, na vipele havina tena wa kuvitazama.

Uchukuliwe upele. Kidudu chake jike hakifiki nusu milimita. Hujichimbia kwenye ngozi ya juu, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, na humo hutaga mayai. Anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anawaambukiza wenzake wa mkeka mmoja. Mwasho unakuja baadaye, kwa sababu ni mzio: mwili unakikataa kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Akiambukizwa tena, mwasho unaanza ndani ya siku chache tu, kwani seli za kinga zimekwisha kumjua adui.

Hapo ndipo mishipa ya fahamu inapoingia. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa kazi yake ni kupeleka habari kwenye ubongo, basi. Kumbe na yenyewe inawasha moto. Januari 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha katika jarida la Science majaribio ya panya waliotiwa mzio masikioni. Panya waliovalishwa kola shingoni, wasiweze kujikuna, walivimba kidogo. Walioachwa wajikune walivimba zaidi. Kucha ziliiamsha mishipa ya maumivu, nayo ikamwaga kemikali iitwayo sabstansi P. Kemikali hiyo ikazichochea seli za kinga zinazoitwa masti, maghala ya histamini, ambazo mzio ulikuwa umekwisha kuziamsha. Seli zinaiwasha mishipa, mishipa inazichochea seli, na ngozi inazidi kuvimba.

Watafiti hao hao waliona pia kwamba kujikuna kunapunguza baadhi ya bakteria juu ya ngozi. Mwili una sababu zake. Na mwaka 2023 wenzao wa Harvard walikuwa wameonyesha kuwa bakteria wa Stafilokoka aurea hutoa kimeng'enya kinachoigusa mishipa moja kwa moja na kuleta mwasho. Kwa hiyo amri ya kuacha kujikuna haina dawa yoyote ndani yake.

Sasa ile tyubu ya sokoni. Redio hii imeisema na itaisema tena. Kwenye masoko ya ukanda huu wote kuna marhamu ya klobetasoli, steroidi kali, inayouzwa pamoja na sabuni na mafuta ya nywele, bila cheti cha daktari na bila swali. Wengine wanaipaka wang'ae. Wengine wanampaka mtoto anayewashwa, na siku mbili tatu anatulia kweli, maana steroidi inazinyamazisha seli za kinga. Kidudu hakinyamazi. Kinazaana chini ya ngozi iliyopoa, upele unabadilika sura hata mganga asiutambue, na ngozi inakuwa nyembamba. Tyubu ikiisha, mwasho unarudi.

Tena kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi: hata dawa sahihi ikifanya kazi, mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Vidudu vimekufa, lakini mabaki yake bado yamo na mzio haujaisha. Mama asiyeambiwa hivyo anadhani amedanganywa kituoni. Anakwenda wapi? Kwenye ile tyubu.

Na kuna kosa la mpango wenyewe. Tangu Mei 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya umma, na hilo ni jema. Upele hauulizi umri. Mdogo wa miaka 3 anatibiwa bure, kaka yake wa miaka 9 anayelala naye anatakiwa kulipa, kwa hiyo halipiwi. Mwezi unaofuata mdogo amerudi foleni. Kambini Kinama, kule Gasorwe, upande wa Muyinga, wakimbizi wa Kikongo wanalala wamebanana, na msongamano ndio upele unaoupenda.

Trakoma haikuondolewa kwa kumtibu mmoja mmoja. Dawa iligawiwa kwa watu wote wa eneo, na watu wakafundishwa kunawa uso. Upele nao uko kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika tangu 2017, na dawa zinajulikana: benzili benzoati, permethrini, ivermektini.

Basi wizara itoe dawa kwa nyumba nzima, si kwa mtoto peke yake! Wakaguzi waingie sokoni waiondoe ile tyubu! Waganga, mwasho uandikwe daftarini kama homa inavyoandikwa! Nawe mzazi, kabla ya kumkemea mtoto, mtazame kati ya vidole. Ukiona upele, nendeni kituoni wote mnaolala nyumba moja, mjipake siku moja, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, na mrudie dawa kama mtakavyoelekezwa.