Kengele ya Nje na Kengele ya Ndani

Hotuba juu ya nidhamu ya nafsi na uongozi wa Kikristo, iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka



Sina budi kuanza kwa shukrani. Kamati iliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya uongozi wa Kikristo, nilitaka kukataa. Mimi si mhubiri. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili na vikao. Lakini barua hiyo hiyo ilisema pia kwamba jina langu limependekezwa kwa nafasi ya mtunza hazina wa chama chetu. Basi nikaona ni haki niseme, ili kesho asubuhi mnapopiga kura mjue mnampigia nani.

Ndugu Mwenyekiti, wote tuliopita hapa tunaikumbuka rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mwembe. Ilipogongwa saa kumi na moja alfajiri, tuliamka. Ilipogongwa tena, tulishika mafagio. Kengele ilitupeleka bwalo, ikatupeleka darasani, ikatupeleka shambani, ikatulaza. Aliyechelewa alikutana na kiranja, na aliyemshinda kiranja alikutana na mwalimu wa zamu. Kwa miaka kadhaa tulijiona kuwa vijana wenye nidhamu.

Tulipofika Chuo Kikuu hapakuwa na rimu wala mwembe. Katika muhula wa kwanza nilikosa vipindi vingi vya asubuhi, mimi niliyekuwa wa kwanza kusimama mstarini hapa. Hapo ndipo nilipoanza kutambua kwamba nilichokuwa nacho shuleni kilikuwa utii kwa kengele. Utii huo ni mzuri, tena ni mwanzo wa mambo. Lakini nidhamu ya nafsi ni ile kengele inayolia ndani wakati ile ya nje imenyamaza.

Mtume Paulo aliliona jambo hili. Alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wanariadha, na hakuuokota mbali. Karibu na mji wa Korintho ilifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo akawaambia kwamba mwanariadha hujizuia katika mambo yote kwa ajili ya taji linalonyauka. Je, sisi tunaongoja taji lisilonyauka? Kisha akasema neno la kutisha kwa kila kiongozi: yeye mwenyewe huutiisha mwili wake, asije akawahubiri wengine halafu yeye akakataliwa.

Sisi Watanzania tunao mfano wetu. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, ndugu yetu John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti na bega. Walioanza mbio zile walikuwa 75; waliomaliza ni 57, na yeye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Hakuna aliyemgongea kengele. Kengele ilikuwa ndani yake.

Sasa tuje kwenye uongozi. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu iliweka miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya namna hiyo, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Baadaye ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Sikuja hapa kubishana juu ya siasa ya mambo hayo. Ninachotaka tuone ni hiki: sheria iliyowekwa na kikao yaweza kulegezwa na kikao. Kengele ya nje hugongwa na watu, na watu wakichoka hunyamaza.

Kwa upande mwingine, mtazameni Mwalimu Nyerere, mtu aliyekuwa Mkristo mwenye bidii katika ibada. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu kule Pugu, ijapokuwa ndiyo iliyokuwa ikimpa riziki. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU. Mwaka 1966 alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari yake, na makazi yake yakawa kijijini Butiama. Alikuwa binadamu, na makosa yake tunayajua na tunayajadili. Lakini twaona kwamba kila mara alipoacha kitu, hapakuwa na mwenye nguvu za kumlazimisha. Mtu asiyeweza kujinyima kitu kidogo hataweza kuachia kitu kikubwa.

Katika Biblia yuko mtumishi wa serikali mwenzangu, naye ni Nehemia. Aliteuliwa na mfalme Artashasta kuwa liwali wa Yuda, na kwa miaka 12 hakula posho ya chakula iliyokuwa haki ya cheo chake. Maliwali waliomtangulia waliwatoza watu mkate na divai, pamoja na shekeli 40 za fedha. Yeye alilisha watu 150 mezani pake na posho ile hakuidai. Sababu alizotoa ni mbili: alimcha Mungu, na aliona mzigo wa watu umekuwa mzito. Zingatieni kwamba posho ile ilikuwa halali. Mimi ninayesimama mbele yenu nilichukua isiyo halali.

Ndugu Mwenyekiti, naomba radhi kwa hayo nitakayosema. Miaka ya nyuma nilisafiri kikazi mikoani, nikapewa masurufu ya siku saba. Kazi ikaisha siku ya tano, tukarudi. Nilipojaza fomu ya marejesho niliandika siku saba. Nilijiambia kwamba ni siku mbili tu, na kwamba kila mtu hufanya hivyo. Dereva wangu, mzee aliyenizidi umri sana, alipaswa naye kuandika siku saba ili hesabu zetu zilingane. Akaniangalia, akasema kwa upole: "Mkuu, siku hizo mbili mimi nimelala kwangu. Mke wangu anajua." Akaandika tano.

Nilikasirika. Kwa muda wa miezi minne sikumpangia safari hata moja, nami nikijua kwamba dereva asiye na safari hana posho, tena nikijua kwamba ana mtoto sekondari. Hakuna aliyeniuliza. Kengele ya nje ilikuwa kimya.

Wakati huo mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja tulikuwa watatu tukihesabu sadaka, ikapungua shilingi mia mbili katika hesabu yetu. Nikasimamisha kila kitu. Nikawataka wenzangu wahesabu upya, na maneno yangu kwao yalikuwa makali. Sarafu ile ikaonekana chini ya meza. Nilipoinama kuiokota nikamkumbuka yule mzee, na sikuweza kuinua uso.

Jumatatu nilimwendea, nikamwomba msamaha. Kisha nikapeleka kwa mhasibu fedha za siku mbili. Alishangaa sana, akatafuta jinsi ya kuzipokea, mwishowe akanikatia stakabadhi. Nikapewa na barua ya onyo, iliyo katika faili langu hadi leo, nami naona nilistahili. Mzee alinijibu hivi: "Yamekwisha, mkuu. Ila ada ya muhula ule niliikopa." Deni lile nililibeba mimi. Lakini aibu ya mzee yule kwenda kukopa kwa watu haina stakabadhi, na hakuna mhasibu awezaye kuipokea nikiirudisha.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Sikuanza na miezi minne ya dhuluma. Nilianza na siku mbili, na kabla ya siku mbili nilikwisha kuzoea dakika kumi za kuchelewa na sala niliyoiahirisha.

Tufanye nini basi? Biblia yetu ya Kiswahili, inapotaja tunda la Roho, hulimalizia kwa neno "kiasi". Ni neno lile lile la sokoni. Mwenye kiasi ni mtu anayejipima kabla ya kupimwa na wengine. Nami natoa mambo manne niliyoyajaribu.

Kwanza, tuwe na saa ya sala ambayo haihamishwi na shughuli. Asiyeweza kumpa Mungu robo saa alfajiri hataweza kuwanyima watu wanaomletea bahasha jioni.

Pili, tuandike hesabu za mambo madogo, hasa yale yasiyokaguliwa na mtu.

Tatu, tusitoe adhabu wala kuandika barua tukiwa na hasira. Ningalisubiri usiku mmoja tu, pengine yule mzee asingalikopa.

Nne, kila mmoja wetu awe na mtu mmoja anayeweza kumwambia hapana. Nilikuwa naye ndani ya gari langu, nikamwadhibu.

Lakini tusijivune. Yule Farisayo wa Injili alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka, na alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Nidhamu haimnunulii mtu neema. Inalima shamba tu. Mvua ni ya Mungu. Na nidhamu inayomfanya mtu kuwa mkali kwa wengine na mpole kwake mwenyewe imegeuzwa kichwa chini. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo siku ile ya sarafu.

Ninyi vijana, msiidharau kengele ya mwembeni. Mkiisikiliza vizuri sasa, itaingia ndani, na siku mtakapokuwa peke yenu na kalamu na fomu, italia.

Ndugu zangu wa zamani, kesho mtachagua mtunza hazina. Mmesikia habari zangu. Mkiona hazifai, mchagueni mwingine, nami nitamsaidia kwa moyo wote. Mkinichagua, nina sharti moja: hesabu za hazina zisomwe kwa sauti katika kila mkutano, senti kwa senti, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza awe na ruhusa ya kuuliza swali.

Mungu aibariki shule yetu.