Nafaka Iliyochachushwa na Vimeng'enya katika Chakula cha Kuku wa Nyama

Mazungumzo na walaji na wafugaji wadogo wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa



Kuku wa nyama hufikia uzito wa kuchinjwa katika wiki tano au sita, na wengi huuliza kama amekuzwa kwa homoni. Sivyo. Hukua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu hulishwa chakula chenye nguvu na protini ya kutosha. Hata vimeng'enya vinavyochanganywa katika chakula chake si homoni. Ni protini zinazosaidia kukivunjavunja chakula tumboni, kisha zenyewe humeng'enywa kama protini nyingine.

Kazi yake ni rahisi kueleweka. Mahindi, mtama na pumba zina fosforasi, madini yanayojenga mifupa, lakini takribani theluthi mbili yake imefungwa katika kiambata kiitwacho fitati. Kuku hana uwezo wa kutosha wa kukifungua. Fosforasi hiyo hupita tumboni na kutoka pamoja na kinyesi, na mfugaji hulipia madini mengine ya kuziba pengo. Kimeng'enya kiitwacho fitasi hukifungua kifungo hicho.

Uchachushaji hufanya sehemu ya kazi hiyohiyo, nao si mgeni kwetu. Aliyewahi kuandaa togwa anaufahamu. Unga ukiloweshwa kwa maji safi katika chombo chenye mfuniko kwa siku mbili au tatu, bakteria wa asidi laktiki huufanya kuwa mchachu. Uchachu huo hupunguza fitati na kuwawia vigumu vijidudu kama salmonela. Kwa mtama mwekundu kuna faida ya ziada, kwani tanini inayoufanya uwe mkakasi na kuzuia protini isimeng'enywe vizuri hupungua pia. Kimea nacho, kwa kuwa ni nafaka iliyooteshwa, huwa na fitasi yake ya asili.

Hata hivyo, uji mchachu peke yake haumtoshelezi kuku wa nyama. Anahitaji protini kutoka katika dagaa, soya au mashudu, pamoja na madini na vitamini. Kinacholowa kiliwe siku hiyohiyo, maana katika joto la Lindi mabaki ya kwenye kihori huota ukungu upesi. Aliyenunua kimeng'enya cha unga naye asikitie katika chakula kinachochemka, kwa kuwa moto mkali hukiua, na fedha yake itakuwa imepotea.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni imani kwamba nafaka iliyoharibika ikichachushwa inakuwa salama. Uchachu unaweza kuficha harufu ya ukungu, lakini hautegemewi kuondoa sumukuvu, wala kupika hakuiondoi. Wazee wa Nachingwea wanaoufahamu mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, huenda hawajasikia kisa kingine cha karanga. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliowafikisha wataalamu kwenye sumukuvu. Kwa kuku, sumu hiyo huharibu ini, hudumaza vifaranga na kudhoofisha kinga, na masalia yake yanaweza kubaki katika ini ambalo mlaji hulipeleka mezani. Mahindi yaliyovunda, au machicha ya pombe yaliyoota ukungu, yatupwe, hata kama kuyatupa kunauma.

Hatari ya pili imo katika vifuko visivyo na lebo vinavyouzwa kama "dawa ya kukuza". Ndani yake panaweza kuwa na kimeng'enya, panaweza kuwa na antibaiotiki, au unga mtupu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kama ni antibaiotiki, kuna siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na asiyejua alichokilisha hawezi kuzihesabu. Gharama ya kutojua huko humwangukia mlaji.

Utengenezaji na uuzaji wa vyakula vya mifugo nchini unasimamiwa na sheria ya mwaka 2010 ya nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo. Unaponunua, tafuta jina la mtengenezaji, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kwa kimeng'enya, jina lake na kipimo cha matumizi viandikwe. Nawe mnunuzi wa kuku, usione haya kumuuliza muuzaji kuku huyo alilishwa nini na alipewa dawa gani, lini.

Kuku wakidumaa au wakifa baada ya kubadilishiwa chakula, acheni kukitumia, hifadhini kiasi chake mahali pakavu pamoja na mfuko na risiti, kisha mwoneni afisa mifugo wa kata kabla mabaki hayajatupwa.